Faini ya vitamini, kufuli la mlango: ruzuku za waathirika wa uhalifu Marekani zinatoka wapi na zinakwama wapi

Mwezi Mei 1999 kampuni ya dawa ya Uswisi, F. Hoffmann-La Roche, ilikiri kosa mbele ya waendesha mashtaka wa Marekani: ilikuwa imekula njama na washindani wake kupanga bei za vitamini duniani. Ikakubali kulipa faini ya dola milioni 500. BASF ya Ujerumani, iliyokuwa ndani ya njama hiyo hiyo, ikakubali dola milioni 225. Mtu akisikia habari kama hiyo hudhani fedha zimeingia hazina kuu, zikachanganyika na kodi na kupotelea huko. Hazikwenda huko. Ziliingia kwenye mfuko maalumu unaomlipa mtu anayekaa na mwanamke aliyebakwa katika chumba cha hospitali saa nane usiku wakimsubiri daktari. Mfuko huo huo hununua kufuli jipya la mlango wa mama aliyemkimbia mume anayempiga. Humlipa pia mtaalamu anayekaa na mtoto wa miaka sita kwenye chumba chenye wanasesere, ili mtoto asimulie aliyofanyiwa mara moja tu badala ya kuyarudia kwa kila afisa anayekuja na daftari lake.

Huo ni Mfuko wa Waathirika wa Uhalifu, uliozaliwa na sheria ya mwaka 1984 ambayo watu wa kazi hii huiita VOCA kwa kifupi. Ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha fedha za serikali kuu ya Marekani kwa huduma za watu waliotendewa uhalifu. Kila fedha hizo zinapopunguzwa, maelezo hutolewa kwa lugha ya kihasibu inayomwacha mtu wa kawaida nje ya mlango, na mimi naona huo ni uonevu mwingine juu ya ule wa kwanza. Ninachotaka kieleweke ni kwamba shida haianzii kwenye kiasi kilichomo mfukoni. Inaanzia kwenye foleni ya kuchukua, na waliowekwa mwisho wa foleni hiyo ni vituo vinavyompokea mwathirika.

Fedha za aina tatu

Kuna mambo matatu yanayochanganywa kila siku, tuyatenganishe kwanza. Hakimu anaweza kumwamuru mkosaji aliyetiwa hatiani amlipe mwathirika moja kwa moja. Hayo ni malipo ya amri ya mahakama, na mara nyingi mkosaji hana kitu, hivyo amri hubaki karatasi. Pili, kuna fidia ya jimbo. Mwathirika hujaza fomu, akaambatanisha risiti za hospitali, za mazishi au za ushauri nasaha, au uthibitisho wa mshahara aliokosa, na jimbo humrudishia gharama ambazo bima au chanzo kingine hakikuzilipa. California ndiyo iliyoanzisha mpango wa kwanza wa namna hiyo nchini humo, mwaka 1965, na leo kila jimbo lina wake.

Tatu ni ruzuku za huduma. Hizi mwathirika hazioni. Haipiti mkononi mwake hata senti moja. Zinakwenda kwa shirika au ofisi inayomhudumia, na yeye hupata huduma bila kulipa chochote. Makala hii inahusu hasa hizi, kwa sababu ndizo zisizojulikana, na ndizo zinazokatwa bila kelele.

Tofauti kati ya fidia na huduma ina uzito kuliko inavyoonekana. Fidia ya jimbo kwa kawaida humtaka mwathirika awe ameripoti polisi na ashirikiane na upelelezi. Huduma za ruzuku hazidai hivyo. Kanuni zilizotolewa mwaka 2016 zinasema wazi kwamba mtu anastahili huduma hata kama hakushiriki kwenye kesi, na kwamba hadhi yake ya uhamiaji si kigezo. Mwanamke ambaye hajaamua kama atakwenda polisi, na usiku ule wa kwanza nani ana kichwa cha kuamua, anaweza kuingia nyumba salama akapata mahali pa kulala, mkalimani na mtu wa kumsikiliza kabla jalada lolote halijafunguliwa. Ukiwaza juu ya mtu aliyehamia nchi ngeni, ambaye mume wake ndiye aliyeshika hati zake zote za kusafiria, utaelewa kwa nini kipengele hicho kimeokoa watu.

Ilivyoanza

Serikali haikuwa ya kwanza. Mwaka 1972 watu wa kawaida, wengi wao wanawake, walifungua vituo vya mwanzo: kimoja St. Louis kwa waathirika wa uhalifu kwa jumla, na vingine vya kuwasaidia waliobakwa, Berkeley na Washington. Walikuwa na simu na orodha ya watu wa kujitolea waliopeana zamu. Baadaye katika miaka hiyo ya 1970 fedha za serikali kuu zilianza kuwafikia baadhi yao, kupitia wakala uliokuwa ukisaidia polisi na mahakama. Wakala huo ukavunjwa mwaka 1982, na vituo vilivyokuwa vimeuzoea mkono huo vikabaki hewani.

Mwaka huo huo Rais Ronald Reagan, ambaye mwenyewe alikuwa amepigwa risasi Machi 1981, aliunda jopo la kuchunguza hali ya waathirika wa uhalifu. Liliongozwa na mwanasheria Lois Haight Herrington, na lilizunguka nchini likiwasikiliza watu. Ripoti ilitoka Desemba 1982 ikiwa na mapendekezo 68. Mojawapo lilikuwa kwamba serikali kuu ianzishe mfuko wa kuyasaidia majimbo kuwahudumia waathirika, na mfuko huo ujazwe na faini za wahalifu badala ya kodi. Oktoba 1984 Reagan alitia saini, na mwaka wa kwanza wa fedha mfuko ulipokea takriban dola milioni 68.

Wazo lenyewe ni zuri, na bado naliona zuri: aliyeumiza ndiye agharimie kuuguza, na mlipa kodi asiguswe. Lakini wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Ukitegemea faini, unategemea nani amekamatwa mwaka huu, ameshtakiwa kwa sheria gani, na amekubali kulipa kwa njia ipi.

Ni faini za kesi za serikali kuu pekee zinazoingia humo. Mwizi aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo hachangii kitu. Kila mtu anayetiwa hatiani kwa kosa kubwa katika mahakama ya serikali kuu hutozwa dola 100 juu ya adhabu yake, na kampuni dola 400, lakini hizo ni chembe. Vinavyoujaza mfuko ni vimbunga vichache: benki, viwanda, kampuni zilizopanga bei. Mwaka 2015 Citicorp, JPMorgan Chase, Barclays na Royal Bank of Scotland zilikiri kula njama katika soko la fedha za kigeni, na faini zao za jinai kwa pamoja zilizidi dola bilioni 2.5. Mwaka 2017 Volkswagen iliadhibiwa kwa faini ya jinai ya dola bilioni 2.8 kwa udanganyifu wa moshi wa magari ya dizeli. Kesi moja ya namna hiyo inaweza kuzidi makusanyo ya miaka kadhaa. Mwaka unaofuata huenda pasiwe na hata moja.

Ukomo

Faini za vitamini ndizo zilizoleta fundo la kwanza. Mwaka wa fedha 1999 mfuko ulipokea takriban dola milioni 985, kiasi ambacho haukuwahi kukiona. Bunge likaamua kuwa kuanzia mwaka wa fedha 2000 fedha zote zilizoingia hazitagawiwa mwaka unaofuata kama ilivyokuwa. Kutakuwa na ukomo wa matumizi, na kinachozidi kitabaki mfukoni kwa ajili ya miaka ya njaa. Ukomo wa kwanza ulikuwa dola milioni 500.

Kwa nia hiyo, sina ugomvi na ukomo. Mtu mwenye busara hali mbegu zote. Ila kadiri miaka ilivyokwenda akiba ilikua hadi mabilioni, wakati ukomo ulisogea kwa hatua za kobe: mwaka 2014 ulikuwa dola milioni 745 tu. Vituo viliendelea kuwarudisha watu mlangoni huku fedha zao zikiwa zimelala.

Kwa nini zilale? Hapa inabidi tuingie kwenye uhasibu wa Bunge kidogo. Chini ya taratibu za bajeti ya Marekani, fedha za mfuko ambazo Bunge linazizuia zisitumike mwaka huu huhesabiwa kama matumizi yaliyopunguzwa. Upungufu huo wa kwenye karatasi huwaruhusu wabunge kutenga fedha zaidi kwa mambo mengine katika muswada ule ule, bila kuvuka kiwango walichojiwekea. Mwaka unaofuata akiba ile ile inazuiwa tena, na inahesabiwa tena. Kwa hiyo mfuko uliojaa na kufungwa ulikuwa na faida kwa watu wasiohusika kabisa na waathirika. Fedha hazikuibwa, hakuna sheria iliyovunjwa; zilitumika bila kutumika.

Mambo yalibadilika ghafla mwaka 2015, ukomo ulipopandishwa hadi dola bilioni 2.361. Mwaka 2018 ukafika dola bilioni 4.436, kiwango cha juu kuliko vyote. Vituo viliajiri, vikafungua matawi vijijini, vikaanza huduma kwa makundi yaliyosahaulika. Mwaka huo wa 2018 ndipo pia jamii za wenyeji asilia wa Marekani zilipoanza kutengewa fungu lao ndani ya ukomo. Kisha mteremko ukaanza. Mwaka 2024 ukomo ulikuwa dola bilioni 1.353. Ni anguko la karibu asilimia 70 katika miaka sita.

Mteremko huo ulitokana na faini kupungua, na sehemu ya sababu iko kwenye mtindo wa kumaliza kesi. Waendesha mashtaka walizidi kutumia makubaliano ya kuahirisha mashtaka, au ya kutoshtaki kabisa. Kampuni inalipa, inaahidi kujirekebisha, na haitiwi hatiani. Kwa kuwa hakuna hatia, malipo hayo hayakuwa faini kwa maana ya sheria ya 1984, yakawa yanakwenda hazina kuu. Kosa ni lile lile na kampuni ni ile ile. Jina la karatasi lililotiwa saini ndilo lililoamua kama nyumba salama itapata kitu.

Foleni

Sasa tufike pale nilipoahidi. Ukomo ukishatangazwa, watu hudhani kiasi chote kinagawiwa vituo. La. Kwanza hutolewa fungu la kuboresha uchunguzi wa kesi za ukatili dhidi ya watoto, lisilozidi dola milioni 20. Kisha wafanyakazi wanaowahudumia waathirika katika ofisi za waendesha mashtaka wa serikali kuu na katika FBI, pamoja na mfumo wa kuwaarifu waathirika juu ya mwenendo wa kesi zao. Kuna sehemu ya Wizara ya Sheria kwa miradi ya kitaifa na mafunzo. Kwa miaka kadhaa, ukiwemo huo wa 2018, Bunge lilichota pia humo humo mamia ya mamilioni kugharimia programu za sheria ya 1994 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, ambazo hapo awali zililipiwa kwa njia nyingine. Baadaye ndipo fidia za majimbo, zinazolipwa kwa fomula kulingana na kiasi ambacho jimbo lenyewe limewalipa waathirika. Kinachobaki baada ya hao wote ndicho ruzuku za huduma.

Tazama hesabu inavyomfanya aliye nyuma. Tuseme ukomo ni 100, na walio mbele wanachukua 20, inabaki 80. Ukomo ukishuka hadi 70 na walio mbele wakaendelea kuchukua 20 zao, inabaki 50. Ukomo umeshuka kwa asilimia 30, lakini mwisho wa foleni pameshuka kwa asilimia 37.5. Kila pigo linapofika kwake limeshaongezeka uzito.

Siwalaumu walio mbele. Afisa wa FBI anayempigia simu mzazi wa mtoto aliyetekwa anafanya kazi ya maana. Ninachosema ni kwamba upangaji wa foleni ni uamuzi wa watu, unaandikwa upya Bunge likitaka, na hauzungumzwi hata robo ya jinsi unavyozungumzwa ukomo.

Kutoka jimboni hadi kwenye dawati

Fedha zinazobaki haziendi moja kwa moja kwa vituo. Kila jimbo hupata msingi wa dola 500,000, kisha salio hugawiwa kwa kufuata idadi ya watu. Ofisi ya jimbo inaruhusiwa kubakiza hadi asilimia 5 kwa usimamizi na mafunzo. Katika zinazogawiwa, angalau asilimia 10 lazima iende kwa waathirika wa ubakaji na ukatili wa kingono, asilimia 10 kwa waliopigwa na wenzi wao, asilimia 10 kwa watoto waliodhulumiwa, na asilimia 10 kwa makundi ambayo huko nyuma hayakuhudumiwa vya kutosha. Jimbo lina mwaka wa kupokea na mitatu inayofuata kuzitumia. Nafasi hiyo ndiyo iliyowadanganya wengi: ukomo ulipoanza kushuka, bado majimbo yalikuwa na salio la miaka ya neema, na maumivu yalichelewa kufika.

Shirika linaloomba lazima liwe la umma au lisilo la faida, liwe na rekodi ya kazi au msaada wa kutosha kutoka vyanzo vingine, litumie watu wa kujitolea, na limsaidie mwathirika kuomba fidia ya jimbo. Pia linatakiwa kuleta mchango wake wa asilimia 20 ya gharama ya mradi. Serikali ikitoa dola 80,000, shirika lilete 20,000.

Shirika dogo litazitoa wapi? Hapa ndipo karatasi ya saa za kazi inapogeuka fedha. Mchango si lazima uwe taslimu. Yule mama mstaafu anayepokea simu kila Jumanne usiku, saa zake zinahesabiwa kwa thamani ya kazi ya namna hiyo. Kama saa moja ikithaminiwa dola 20, saa 1,000 za kujitolea kwa mwaka zinatosha kukamilisha mchango wote. Lakini ziandikwe: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi aliyofanya, saini yake, saini ya msimamizi. Ukurasa usio na saini mkaguzi hautambui, hata kama usiku ule mama yule alizungumza na msichana kwa saa tatu hadi akakubali kuondoka pale alipokuwa. Majimbo yanaweza kusamehe sharti la mchango kwa shirika lenye sababu.

Jambo jingine linalovisumbua vituo vidogo ni kwamba kwa kawaida fedha hizi hurudishwa baada ya kutumika. Kituo hulipa mishahara, pango na mafuta ya gari kwanza, kinatuma madai na vielelezo, kisha kinasubiri. Shirika kubwa lenye akiba linavumilia. Dogo, ambalo pengine ndilo pekee linalojua lugha ya jamii fulani ya wahamiaji, linaweza kushinda ruzuku na bado likakosa mshahara wa mwezi wa pili. Nikiulizwa kirekebishwe nini kabla ya kingine, ningeanza na hiki, kwa sababu hakihitaji hata senti mpya.

Marekebisho ya 2021

Julai 22, 2021 Rais Joe Biden alitia saini marekebisho ya sheria ile. Fedha za makubaliano ya kuahirisha mashtaka na ya kutoshtaki, ambazo zilikuwa zikienda hazina kuu, sasa zinaingia mfukoni. Majimbo yakapewa uhuru mpana wa kusamehe mchango wa asilimia 20. Na fomula ya fidia ikapandishwa: badala ya asilimia 60 ya kile jimbo lilicholipa, serikali kuu sasa huchangia asilimia 75.

Yote matatu ni mema. Ila rudi kwenye foleni. Fidia iko mbele ya huduma, na sasa inachukua zaidi. Ukomo usipopanda, nyongeza ya fidia inakatwa kutoka kwa aliye nyuma yake. Mwathirika yule yule anaongezewa kwenye bili ya hospitali na kupunguziwa mtu wa kumsindikiza huko hospitalini. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Na kuziba tundu la makubaliano kulihitaji muda: kesi za kampuni huchukua miaka, na zilizokwisha malizwa kabla ya sheria mpya hazikurudishwa nyuma.

Mkataba unapokwisha

Ruzuku ikipungua, kituo hakifungwi kwa siku moja. Kwanza nafasi iliyoachwa wazi haijazwi. Kisha simu ya saa 24 inakuwa ya saa 12, na usiku inapokelewa na ujumbe uliorekodiwa. Ofisi ya wilaya ya mbali inabaki siku mbili kwa wiki. Mwisho programu nzima inafika tarehe ya mwisho ya mkataba, mara nyingi Septemba 30, siku mwaka wa fedha wa serikali kuu unapokwisha.

Na hapo kuna kazi moja ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la bajeti. Kanuni za usiri hazimruhusu mhudumu kukabidhi jalada la mwathirika kwa kituo kingine bila ridhaa yake ya maandishi, yenye kikomo cha muda. Ni kanuni nzuri. Ndiyo inayomhakikishia mtu kwamba aliyoyasema hayatamfikia aliyemtesa. Kwa hiyo wiki za mwisho mhudumu hukaa na orodha, akimpigia mmoja mmoja. Anaeleza kwamba programu inafungwa, anauliza kama angependa ahamishiwe kwingine, anaomba aje kutia saini. Wengine wameshabadilisha namba kwa ajili ya usalama wao, wengine hawapokei namba wasiyoijua. Majalada yao hayawezi kupelekwa popote. Yanafungiwa kwenye kabati, na ufunguo unakabidhiwa ofisi kuu.